UCHAMBUZI: Habari zilizochakaa kuhusu njia za mlimani ni mtego kwa wapanda milima

MIEZI ya Januari na Februari, na tena kati ya Julai na Septemba, ndiyo ambayo Mlima Kenya hupokea wageni wengi zaidi. Ni miezi mikavu. Katika miji ya Naro Moru, Nanyuki na Chogoria, matatu hushusha makundi ya vijana waliobeba mikoba mizito, wakiulizana kuhusu waelekezi, wapagazi na bei ya kukodi mahema.

Wakati mmoja safari za aina hii zilichukuliwa kuwa starehe ya wageni kutoka ng'ambo. Mambo yamebadilika. Siku hizi wafanyakazi wa benki, walimu, wanafunzi wa vyuo vikuu na vikundi vya vijana wa makanisa ndio wanaojaza orodha za safari za wikendi, kuanzia Longonot na Milima ya Ngong hadi Elephant Hill katika safu ya Aberdare.

Hilo ni jambo la kujivunia. Nchi ambayo jina lake lenyewe latokana na mlima haifai kuwaachia wageni peke yao fahari ya kuupanda.

Hata hivyo, idadi ya wapandaji imeongezeka kwa kasi ambayo habari za njia na kanuni hazijaifuata. Mwananchi anayetaka kujua ni njia ipi iliyo wazi, ni ipi iliyofungwa, ada ni kiasi gani, anayetoa idhini ni nani na mwamba uko katika hali gani, hulazimika kuokota majibu huku na kule: katika kitabu cha zamani, katika ujumbe uliosambazwa kwenye simu, au kwa rafiki aliyepita huko miaka mitano iliyopita.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: Ni nani hasa mwenye jukumu la kuhakikisha kwamba habari anayoisoma mpanda mlima leo ni habari ya leo?

Kutembea, kuparamia na kukwea

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, ni muhimu kutofautisha aina tatu za safari za mlimani. Ya kwanza ni kutembea. Njia imechongwa, ina alama, na anayeifuata hahitaji chochote zaidi ya viatu imara na pumzi.

Ya mwisho ni kukwea kwa kamba. Vilele viwili vikuu vya Mlima Kenya, Batian wenye urefu wa mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, haviwezi kufikiwa bila kamba, vyuma na ujuzi uliopatikana kwa mafunzo ya muda mrefu.

Kati ya hizo mbili kuna kuparamia. Hapa njia ya miguu imekwisha na mwamba umeanza, lakini mwamba wenyewe haujawa wima kiasi cha kumlazimu mtu kujifunga kamba. Msafiri hutumia mikono na miguu: hushika jiwe, huvuta mwili, huinua mguu, hutafuta mahali pengine pa kushika. Baadhi ya sehemu za mwisho kuelekea kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, ziko hivyo. Ndivyo lilivyo pia korongo la Ol Njorowa katika mbuga ya Hell's Gate, pamoja na miamba mingi ambayo vijana huizuru kila wikendi.

Kwa mtazamo wa usalama, kuparamia ndiko kunakotegemea habari zaidi. Anayetembea hulindwa na njia yenyewe. Anayekwea kwa kamba hulindwa na vifaa na mafunzo yake. Akikuta mwamba umebadilika, ana uwezo wa kurudi chini kwa kamba. Anayeparamia hana njia wala hana kamba. Alicho nacho ni kile alichoambiwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Akiambiwa uongo, au akiambiwa ukweli wa mwaka 1995, hana kinga nyingine. Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Mlimani ufupi huo huweza kuishia gengeni.

Mlima haukai kama ulivyokuwa

Wengi hudhani kwamba mlima ni kitu kisichobadilika, na kwamba maelezo ya njia yakishaandikwa yamekwisha kuandikwa. Hali ya Mlima Kenya inaonyesha kinyume.

Halford Mackinder pamoja na waelekezi wake César Ollier na Joseph Brocherel walipofika kileleni Batian mwezi Septemba mwaka 1899, mlima ulikuwa umefunikwa na mabonge makubwa ya barafu. Leo yamesalia machache, nayo ni vipande. Bonge la Lewis, ambalo ndilo lililochunguzwa zaidi na wanasayansi, lilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010.

Mnamo 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu yote ya Afrika Mashariki inaelekea kutoweka kufikia miaka ya 2040, na kwamba ya Mlima Kenya huenda ikatangulia ile ya milima mingine kwa takriban mwongo mmoja.

Jambo hili kwa kawaida hujadiliwa kama suala la mazingira na maji, na ni sawa. Lakini lina upande mwingine ambao haujadiliwi sana. Barafu ndiyo gundi ya mlima wa juu. Hushikilia mawe ambayo bila yake yangeporomoka. Inapoyeyuka, mwamba uliokuwa imara kwa vizazi huanza kuachia, na mahali palipokuwa na sakafu ya barafu hubaki changarawe inayoteleza.

Mfano ulio wazi ni ufa wa barafu unaojulikana kama Diamond Couloir, upande wa kusini wa vilele vikuu. Mnamo 1973, Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kuupanda. Kwa miaka mingi baadaye, wapandaji walitoka pembe zote za dunia kuja kuujaribu, na vitabu vya mwongozo viliusifu kuwa miongoni mwa njia bora za barafu duniani.

Barafu hiyo imepungua mno hivi kwamba njia iliyosifiwa haipo tena kama ilivyoelezwa. Vitabu bado vipo. Picha bado zipo. Anayevitegemea atafika chini ya mwamba akiwa na vifaa vya kukabili kitu kilichokwisha kuyeyuka.

Hata majira huhitaji maelezo sahihi. Kwa kuwa mlima umekaa karibu kabisa na ikweta, jua huangaza upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Hivyo mwamba wa kaskazini wa Batian hukauka kati ya Juni na Oktoba, ilhali ule wa kusini-mashariki wa Nelion hufaa kati ya Desemba na Machi. Ushauri usiotaja mwezi ni ushauri nusu.

Kwamba mawe huachia si jambo la kubuni. Mnamo Septemba 1970, daktari kutoka Austria alianguka karibu na kilele cha Batian baada ya jiwe kung'oka, akavunjika mguu vibaya. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumteremsha akiwa hai, na rubani wa helikopta iliyotumwa kusaidia alipoteza maisha ndege yake ilipoanguka. Uokoaji mlimani huwa na gharama, na mara nyingine hulipwa na mtu mwingine kabisa.

Funzo la Ol Njorowa

Ikiwa Mlima Kenya unaonekana kuwa mbali na maisha ya mwananchi wa kawaida, Hell's Gate iko karibu. Mbuga hiyo iliyo Naivasha hutembelewa na familia, shule na makanisa kwa safari ya siku moja kutoka Nairobi. Korongo lake lina kuta nyembamba ambazo mtu hupita kwa kushikilia mawe, na sura yake humfurahisha kila anayeingia.

Aprili 2012, vijana saba waliokuwa katika safari ya kanisa kutoka Nairobi walifariki pale mafuriko ya ghafla yalipowakuta ndani ya korongo hilo. Taifa liliomboleza.

Septemba 1, 2019, mafuriko mengine yalikumba kundi la watalii mahali hapo hapo. Watu saba walipoteza maisha, akiwemo mwelekezi wao. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini, KWS, lililazimika kulifunga korongo.

Sura ya hatari hiyo inajulikana. Mvua hunyesha mbali, kwenye nyanda za juu, huku jua likiwaka juu ya vichwa vya walio bondeni. Maji hukusanyika na kushuka kupitia mkondo mmoja mwembamba. Aliye ndani hana pa kukimbilia isipokuwa juu ya ukuta wa mwamba. Dalili hazionekani kutoka pale alipo. Lazima mtu mwingine aliye mahali pengine amwambie.

Hapa ndipo panapodhihirika kuwa ubao wa onyo uliopigwa rangi mara moja na kusahauliwa hautoshi. Ubao usemao "Hatari" kila siku, kiangazi na masika, husomwa kama pambo. Kinachohitajika ni taarifa ya siku hiyo, inayotokana na utabiri wa siku hiyo, na mtu mwenye mamlaka ya kufunga lango bila kuogopa lawama ya wageni waliokwisha kulipa.

Vifo vya 2012 na vya 2019 vilitenganishwa na miaka saba. Katika muda huo kizazi kizima cha wageni wapya kilikuja, na wengi wao hawakuwa na habari ya kilichotokea awali. Mahali ambapo kumbukumbu haitunzwi na taasisi, msiba hujirudia kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kanuni nyingi, wasemaji wengi

Mbali na hali ya mwamba, kuna suala la kanuni za kuingia. Hili nalo limejaa mkanganyiko, na si kwa sababu ya ubaya wa mtu yeyote bali kwa jinsi mamlaka yalivyogawanywa.

Sehemu ya juu ya Mlima Kenya, pamoja na vipande viwili vinavyoshuka hadi Naro Moru na Sirimon, ni mbuga ya kitaifa iliyoanzishwa 1949 na ambayo husimamiwa na KWS kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Msitu unaoizunguka ni hifadhi ambayo Shirika la Huduma kwa Misitu Nchini, KFS, lina usemi wake chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Kaunti za Meru, Tharaka-Nithi, Embu, Kirinyaga na Nyeri nazo zina maslahi yao.

Katika Aberdare, anayepanda Elephant Hill huanzia kituo cha misitu cha Njabini, ambako ni KFS anayoshughulika nayo, wala si lango la mbuga. Huko Samburu, mlima wa Ololokwe uko katika ardhi ya jamii inayouheshimu kama mahali patakatifu, na idhini hutoka kwa wenyeji. Lukenya, karibu na Athi River, ardhi ina wenyewe.

Kwa hivyo mwananchi mmoja, katika mwezi mmoja, anaweza kupanda milima mitatu na kukutana na wenye mamlaka watatu tofauti, kila mmoja akiwa na ada yake, saa zake na masharti yake. Hakuna mahali pamoja ambapo masharti hayo yote yamewekwa yakiwa na tarehe.

Namna ya kulipa yenyewe imebadilika mara kadhaa. Katika mbuga za KWS, wageni wametoka kwenye pesa taslimu hadi kadi maalumu, kisha malipo ya simu, na baadaye mtandao wa serikali wa eCitizen. Ada mpya zilizotangazwa kuanza kutumika Oktoba 1, 2025 zilipingwa mahakamani na wadau wa utalii, na kwa majuma kadhaa kampuni za safari zilibaki zikijiuliza ni orodha ipi ya kuwaonyesha wateja.

Serikali ina haki ya kubadilisha ada, na mwananchi ana haki ya kwenda mahakamani. Lakini aliyetoka Kisumu usiku kucha kwa basi, akafika langoni alfajiri na kuambiwa kiasi kingine, hana faida yoyote katika mvutano huo. Wengine hushawishika kutafuta vichochoro msituni ili kukwepa lango, na anayeingia kwa kichochoro hajaandikwa katika daftari lolote. Akipotea, hakuna anayejua kwamba yuko huko.

Kanuni ya msingi ya Mlima Kenya ni kwamba mtu haruhusiwi kuingia peke yake, na kila anayeingia huandikwa jina anapopita lango na kutiwa alama anapotoka. Ni kanuni ya busara. Lakini msafiri aliyepanda kupitia Sirimon huweza kuteremkia Chogoria, upande wa pili wa mlima. Daftari la lango moja lisiposomana na la lango jingine siku hiyo hiyo, kanuni hubaki wino juu ya karatasi.

Kutoka lebo ya mkebe hadi simu ya mkononi

Historia ya mlima huu ina kisa kinachosimuliwa sana. Mwaka 1943, wafungwa watatu wa vita kutoka Italia walitoroka kambi ya Nanyuki, si kwa nia ya kukimbilia nchi jirani bali ili waupande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia waya. Hawakuwa na ramani. Mojawapo ya mambo waliyoyategemea ni mchoro wa mlima uliokuwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Wawili kati yao, Felice Benuzzi akiwemo, walifika Lenana, kisha wote wakarudi kambini wenyewe.

Kisa hicho husimuliwa kwa kucheka na kustaajabu. Lakini tofauti kati ya lebo ya mkebe na baadhi ya habari zinazosambazwa leo si kubwa kama tunavyodhani.

Kwa miongo kadhaa, Chama cha Wapanda Milima cha Kenya, MCK, kilichoundwa 1949, ndicho kilichobeba mzigo wa kuandika miongozo. Wanachama wake walipanda, wakapima, wakaandika na kusahihisha wenzao. Ilikuwa kazi ya kujitolea na iliheshimika. Lakini kitabu huchapishwa mara moja, nao mlima huendelea kubadilika baada ya wino kukauka.

Simu za kisasa zimeleta ramani ambazo zina alama za nyayo za waliotangulia. Nazo zina kasoro. Alama hiyo humwonyesha msafiri kwamba fulani alipita hapo, lakini haimwambii kama alipaswa kupita, kama alikuwa na idhini, au kama alinusurika kwa bahati. Haimwambii kuwa siku ile mwamba ulikuwa mkavu na leo umelowa.

Wenye habari bora zaidi ni waelekezi na wapagazi. Hao ndio wanaopita Teleki, Mackinder na Shipton wiki baada ya wiki. Wanajua daraja lililosombwa na maji, kibanda kilichovuja paa, jiwe lililoanza kucheza. Lakini maarifa yao hukaa vichwani mwao na kuishia katika mazungumzo ya jioni, kwa kuwa hakuna aliyewaandalia mahali pa kuyaweka wala sababu ya kufanya hivyo.

Wengine wamefanyaje?

Nchini Tanzania, mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach ya Mlima Kilimanjaro mwezi Januari 2006 na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Mamlaka ya hifadhi iliifunga njia hiyo. Ilifunguliwa tena Desemba 2007, baada ya hatari zake kuchunguzwa. Aidha, hakuna anayepanda Kilimanjaro bila mwelekezi aliyesajiliwa, jambo linaloipa mamlaka mtu wa kuuliza kila kundi linaporudi.

Uganda nayo iliifunga mbuga ya Rwenzori kati ya 1997 na 2001 kutokana na mashambulizi ya waasi. Uamuzi ulikuwa mgumu kwa uchumi wa wenyeji, lakini ulikuwa wazi, na kufunguliwa tena kulikuwa wazi vilevile.

Huko Uingereza, baraza la wapanda milima huendesha orodha ya wazi ya miamba ya England na Wales. Kila mwamba una maelezo yake: nani mwenye ardhi, pa kuegesha gari, na kama kuna kizuizi cha muda, kwa mfano wakati ndege adimu wanapotaga mayai gengeni. Kizuizi hutajwa tarehe ya kuanza na ya kwisha pamoja na sababu. Wanaokusanya habari hizo kwa sehemu kubwa ni watu wa kujitolea wanaoijua miamba ya kwao.

Kenya haihitaji kuiga kila kitu. Lakini tai wanaotaga katika magenge ya Hell's Gate wana haja ya utulivu kama wenzao wa Ulaya, na kijana wa Nakuru ana haki ya kujua sababu ya kuzuiwa kama alivyo kijana wa Manchester. Mtu aliyeelezwa sababu hutii kwa urahisi kuliko aliyefokewa.

Pingamizi zinazotajwa

Wapo wanaopinga wazo la kuweka habari zote wazi, na hoja zao hazipaswi kupuuzwa.

Baadhi ya waelekezi huhofia kwamba msafiri akipewa maelezo yote hatawahitaji tena. Hofu hiyo yaeleweka, kwani familia nyingi za Naro Moru na Chogoria hutegemea kazi hiyo kwa karo na chakula. Lakini habari sahihi haimfundishi mtu kuparamia. Kinyume chake, anayesoma kwamba mwamba umeachia ndiye anayekwenda kumtafuta mwelekezi. Anayedhani njia ni rahisi ndiye anayeondoka peke yake.

Maafisa nao huwa na wasiwasi kwamba wakiandika kuwa njia iko salama kisha mtu aumie, watashtakiwa. Jibu ni kwamba taarifa njema haimwahidi mtu usalama. Husema kilichoonekana, aliyekiona ni nani, na alikiona lini. Kunyamaza wakati hatari inajulikana ndiko kunakozua lawama nzito zaidi.

Kuna pia jamii zinazoona kwamba kutangaza milima yao mitakatifu kutaleta umati usio na adabu. Kwa Wakikuyu, Kirinyaga ni makao ya Ngai tangu kale, na Wasamburu wana heshima yao kwa Ololokwe. Hoja hii ni ya haki. Lakini umati tayari umefika. Kanuni za wenyeji zikiandikwa na kutangazwa kwa maneno yao wenyewe, zitakuwa na nguvu kuliko zikiachwa zigunduliwe na mgeni aliyekwisha kuzivunja.

Hatua zinazowezekana

Kwanza, KWS, KFS na serikali za kaunti zinafaa kukubaliana juu ya orodha moja ya njia, kuanzia Mlima Kenya na Aberdare hadi Elgon, Longonot na Hell's Gate. Kila njia itajwe msimamizi wake, ada yake, na kama iko wazi, imezuiwa kwa muda au imefungwa.

Pili, kila taarifa iwe na tarehe na cheo cha aliyeithibitisha. Taarifa ambayo haijathibitishwa kwa miezi sita iandikwe wazi kwamba imepitwa na wakati. Hili peke yake lingeondoa nusu ya mtego, kwa maana msomaji angejua umri wa anachokisoma.

Tatu, waelekezi waliosajiliwa watoe ripoti fupi langoni wanaposhuka: hali ya njia, maji, mawe na vibanda. Afisa wa zamu aiandike na kuipeleka kwenye malango mengine jioni hiyo. Kazi hiyo ilipwe, hata kama ni kwa punguzo la ada ya leseni, kwani mzigo wa mwenzio usiuone kuwa kanda la usufi.

Nne, taarifa zitolewe kwa Kiswahili na Kiingereza, tena kwa njia ambazo hazihitaji simu ya bei ghali. Ubao wa chaki ulioandikwa kila asubuhi langoni hushinda tovuti isiyoguswa kwa mwaka mzima. Ujumbe mfupi wa simu hufika mahali ambapo intaneti haifiki.

Tano, Idara ya Hali ya Hewa iunganishwe moja kwa moja na malango ya mbuga zenye makorongo, na afisa wa lango apewe mamlaka kamili ya kufunga njia na kuwarudishia wageni pesa zao au kuwapa siku nyingine.

Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma kuchapisha habari muhimu bila kungoja kuombwa, na Tume ya Haki ya Utawala imepewa kazi ya kusimamia utekelezaji wake. Njia ambayo serikali inamtoza mwananchi ada ili aipite bila shaka ni habari muhimu.

Wapandaji wenyewe pia wana wajibu. Kiongozi wa kundi anayekusanya pesa za watu 30 kupitia simu hawezi kujitetea kwamba naye alisoma mahali fulani. Anapaswa kuuliza lango kabla ya kuondoka, kuuliza mwelekezi anapofika, na kuwaambia watakaofuata alichokikuta. Kuuliza si ujinga, na kurudi nyuma mita 100 chini ya kilele si aibu. Ugonjwa wa mwinuko pekee, ambao huwapata wengi wanaoukimbilia Mlima Kenya kwa siku mbili au tatu, ni sababu tosha ya kugeuka.

Usiku wa uhuru mwezi Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya taifa juu ya Mlima Kenya. Barafu aliyoikanyaga sehemu yake kubwa imekwisha kuyeyuka, na mwamba uliokuwa chini yake sasa uko wazi kwa jua. Wakenya wanaofuata nyayo zake wanaongezeka kila msimu, na wanapolipa langoni wanastahili kupewa, pamoja na risiti, habari ya njia iliyoandikwa wiki hiyo.

Mvua za masika zitakuja tena, na Ol Njorowa itajaa tena. Hilo linajulikana tangu sasa, na walio malangoni wana muda wa kujiandaa.